Pumzi ya Mtoto wa Miezi Saba

Nilizaliwa kabla ya siku zangu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba tu, nguo za mtoto zilikuwa hazijashonwa, na bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenipokea, alichana mto wa kulalia akatoa sufi, akanifunika nayo mwili mzima akaniacha uso. Kwa wiki kadhaa nililala ndani ya kikapu karibu na meko, nikidondoshewa maziwa ya mama tone kwa tone. Kisa hiki nilikisikia mara nyingi utotoni, hasa nilipokataa kula. Walionisimulia walitaka nione jinsi nilivyohangaikiwa. Mimi nilikuwa nasubiri wamalize ili niulize swali langu: mbona kaka yangu aliyenitangulia, aliyezaliwa na miezi minane na alikuwa mkubwa kuliko mimi, alikaa siku moja tu akafa?

Bibi alikuwa mkunga wa mtaa wetu katika mji wa kale wa Bagamoyo, na karibu kila niliyecheza naye alikuwa amepita mikononi mwake. Alinijibu kila mara jibu lile lile, kwamba mtoto wa saba huishi na mtoto wa nane haishi. Nilimwambia nane iko karibu zaidi na tisa, kwa hiyo wa nane ndiye angestahili kuishi. Alisema nimeanza ubishi, nikachote maji.

Nilirudi Bagamoyo nikiwa mkunga wa hospitali mwanzoni mwa miaka ya sabini, na umri wangu ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Wanawake wa mjini walikuja wodi ya wazazi kwa miguu. Wa bara, kutoka Fukayosi, Kiwangwa na Miono, walipanda malori ya mihogo na mananasi. Wagonjwa waliniita sista. Wazee walionijua tangu nikiwa mdogo waliniita mjukuu wa mkunga, na nilipowaamkia waliitika marahaba huku wakiitazama mikono yangu, kama watu wanaotaka kujua imejifunza nini huko ilikokwenda.

Katika mwaka wangu wa kwanza alikuja mke wa mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu namwita mkaza mjomba. Hatukupishana sana umri. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani kabla mjomba hajamposa. Asubuhi hiyo aliamka salama, akala uji, akaanza kukunja shuka, na chupa ya uzazi ikapasuka amesimama pale pale. Mimba ilikuwa na miezi saba na nusu. Kufika adhuhuri alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, si mdogo wa kutisha, aliyelia mara moja tukamshukuru Mungu.

Baada ya muda mfupi akaanza kuguna. Kila alipotoa pumzi aliguna, sauti fupi, kama mtu anayeinua gunia. Kifua chake kilibonyea chini ya mbavu kila alipovuta hewa, na matundu ya pua yakatanuka. Tulimpasha joto kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa nguo, tukampa oksijeni, daktari akaja akasimama, akaondoka, akarudi tena. Mtoto aliguna kutwa nzima, na kesho yake alasiri akanyamaza. Bibi alikuja mwenyewe kumwosha. Akazikwa kabla ya magharibi.

Nilipokwenda kumpa pole mkaza mjomba hakuzungumza habari ya kifo. Aliniuliza juu ya ile sauti.

"Alikuwa anataka kusema nini?" aliniuliza.

Katika chuo cha ukunga nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto anayeguna ana hali mbaya, nikaandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zangu. Hakuna aliyeniambia kwa nini anaguna, na mimi, ambaye tangu utoto nilikuwa mtu wa kuuliza, sikuwa nimeuliza.

Nikamwuliza daktari. Alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, mwenye Kiswahili cha taratibu, na alikuwa na udhaifu mmoja, kwamba ukimwuliza swali alisahau chai yake. Alinipeleka maabara, akachukua vioo viwili vyembamba vya hadubini, akatia tone la maji katikati, akavibananisha. Akaniambia nivitenganishe kwa kuvivuta, bila kuvitelezesha. Nilivuta nikashindwa. Kisha akavifungua, akapaka maji ya sabuni, akavibananisha tena, na safari hii vikaachiana bila taabu.

Alinieleza kwamba mapafu ni vifuko vidogo vidogo vya hewa, na ndani yake mna unyevu. Mtoto aliyekomaa ana kitu chenye kuteleza, mfano wa ile sabuni, kinachozuia vifuko visigandane. Mtoto aliyewahi mno hana, au anacho kidogo. Kila akitoa pumzi vifuko vinajifunga, na kila akivuta anaanza upya kazi ya kuvifungua. Ndiyo maana huchoka. Na kule kuguna, alisema, ni yeye mwenyewe anayebana koo ili hewa isitoke yote, apate kuviacha wazi kidogo.

"Nani kamfundisha?" nikauliza.

"Hakuna. Anajua tu."

Siku hiyo hiyo nilipotoka kazini nilikwenda kwa mkaza mjomba. Nilimweleza habari ya vioo na sabuni kama nilivyoelezwa, na kwamba mtoto wake hakuwa anataka kusema kitu, alikuwa anaizuia hewa isimtoroke. Aliweka mkono shavuni.

"Basi alikuwa anajitahidi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alijitahidi sana. Alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikaogopa kwamba nimemwongezea huzuni. Baadaye aliniambia nilimpunguzia.

Mimi nilikuwa nimebakiwa na swali jingine, nikarudi nalo kwa daktari. Hiyo sabuni inaanza kutengenezwa lini? Alisema wiki za mwisho mwisho za mimba, lakini watoto hawalingani, kuna wanaowahi na kuna wanaochelewa. Nini kinachoamua? Akasema hajui, na alivyofahamu yeye hata waliomfundisha hawakujua. Sijui kama aliona jinsi jibu hilo lilivyonifurahisha. Tangu utoto nilikuwa napewa majibu yaliyofunga mlango, na huyu alikuwa ameuacha wazi.

Nilinunua daftari la shule. Kila alipozaliwa mtoto kabla ya siku zake niliandika uzito wake, miezi ya mimba kwa hesabu ya mama, na kama aliguna au hakuguna. Niliandika pia mambo ambayo sasa yananichekesha, kama vile mama alipenda kula nini na alifika kwa lori au kwa miguu, kwa sababu sikujua kipi kina maana na kipi hakina. Baada ya mwaka na zaidi nilikuwa na kurasa nyingi na jambo moja tu lililoonekana wazi: uzito peke yake hausemi yote. Walikuwapo watoto wadogo kabisa waliopumua vizuri, na wakubwa kuliko wao walioguna wakafa. Na ile habari ya saba na nane haikuonekana popote.

Nikampelekea bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Herufi za Kizungu hakuzisoma, alisoma za Kiarabu, kwa hiyo nikamsomea mimi, mtoto mmoja baada ya mwingine. Aliendelea kuchambua, nikadhani hasikilizi.

"Umeandika uzito," akasema nilipomaliza. "Hukuandika mama alikuwaje siku zilizotangulia."

Nikamwambia aeleze.

"Kuna mtoto anayeshtukizwa na kuna mtoto anayeonywa," akasema. "Mama mzima wa afya akianguka leo akazaa leo, mtoto hakuwa na habari, anatoka hajajiandaa. Lakini mama akiumwa wiki mbili, tatu, mtoto ndani anajua kwamba mahali hapa hapakaliki. Huyo akija, anakuja ameshajiweka tayari. Mama yako alivimba miguu mwezi mzima kabla yako. Kwa mimba ya kaka yako alikuwa mzima, akateleza kisimani."

"Na ile ya saba na nane?"

"Ile niliambiwa. Hii nimeiona."

Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo bila kujua kwamba ndani ya kichwa chake zilikuwamo rafu mbili, moja ya aliyoambiwa na nyingine ya aliyoyaona, na kwamba mimi nilikuwa nikipewa ya rafu ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeuliza vizuri. Niliongeza safu mpya katika daftari, ya hali ya mama.

Safu hiyo haikukaa sana kabla hajafika mwanamke wa Kiwangwa. Aliletwa asubuhi juu ya lori la mananasi, akiwa na mama mkwe wake, mzee mkali kidogo aliyechanganya Kiswahili na Kikwere. Mwanamke alikuwa na pumu na mimba ya miezi saba. Alikuwa amebanwa hata hawezi kumaliza sentensi. Alisema neno moja, akavuta hewa, akasema jingine. Daktari alimpa dawa za kawaida za pumu, zikamsaidia kidogo tu, ndipo akampa steroidi, sindano ya mshipa kwanza na vidonge baadaye. Alinieleza kwamba dawa hizo zinafanana na kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza unapokuwa katika taabu.

Siku ya tano aliweza kukaa na kula. Siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza chai, uchungu ukaanza, na mchana akazaa mtoto wa kike mdogo mno hata mama mkwe wake alisita kumshika. Nilikuwa nimeshaandaa chupa za maji ya moto na oksijeni. Nilisimama pale nikisubiri ile sauti.

Haikuja. Nikainama, nikaweka sikio langu kifuani pake. Alikuwa anapumua haraka haraka na kwa wepesi, mbavu zimetulia, midomo myekundu. Nikamwita daktari.

"Haguni," nikamwambia.

Akamsikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Tulipotoka nje ya wodi nikamwambia wazo langu, kwamba ni ile dawa. Mama alipewa kitu ambacho mwili hukitoa wakati wa taabu, na bibi yangu anasema mtoto wa mama aliyepata taabu huja amejiandaa. Hakunicheka. Alisema inawezekana ni dawa, inawezekana ni pumu yenyewe, inawezekana ni kwa sababu ni mtoto wa kike, maana wa kike mara nyingi hupumua vizuri kuliko wa kiume, na inawezekana miezi imehesabiwa vibaya.

"Andika ulichoona," akasema. "Usiandike unachofikiri."

Nikaandika nilichoona kwa wino. Pembeni, kwa penseli, nikaandika neno "dawa" na alama ya kuuliza.

Mtoto alikaa nasi wiki sita. Mama yake alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga mbili, na tulimlisha kwa kijiko kidogo hadi alipoweza kunyonya. Alipoondoka alikuwa ana mashavu.

Miezi kadhaa baadaye daktari alikwenda Dar es Salaam akarudi na jarida la kitabibu aliloazimwa na mwalimu wake wa zamani. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisomea akitafsiri. Katika nchi moja ya mbali yenye kondoo wengi, mtaalamu mmoja alikuwa akichunguza ni nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Alitumia kondoo wenye mimba na dawa za aina hii ya steroidi. Wana-kondoo wakazaliwa mapema, kama alivyotazamia. Jambo ambalo hakulitazamia ni kwamba baadhi yao, waliowahi mno na waliopaswa kufa mara moja, walikuwa wanapumua. Yeye na wenzake wakaanza kujiuliza juu ya mapafu. Hatimaye wakajaribu kwa wanawake waliokuwa karibu kuzaa kabla ya siku zao, wengine wakapewa dawa na wengine wakapewa kitu kisicho dawa hiyo, ili walinganishe. Watoto wa waliopewa dawa walipata shida ya kupumua kwa uchache zaidi.

Nilimrudisha daktari kwenye habari ya kondoo mara tatu. Kilichonishangaza ni kwamba mtu yule hakuwa akitafuta mapafu kabisa. Alikuwa anatafuta kitu kingine, akainama, akaona mwana-kondoo anapumua, na akawa na akili ya kushangaa. Jioni nilimsimulia bibi. Yeye hakushangaa. Alitaka kujua tu kama kondoo hao wana mikia minene kama wa hapa kwetu, na jambo hilo sikuweza kumjibu.

Mwaka uliofuata mkaza mjomba alishika mimba tena. Alipofika miezi saba, asubuhi moja akiwa anafagia uani, alisikia maumivu ya kiuno yanakuja na kuondoka. Alikuja hospitali kwa miguu, taratibu, na mjomba nyuma yake amebeba kifurushi cha nguo. Chupa ilikuwa haijapasuka. Tulimlaza, tukainua upande wa miguu wa kitanda kwa matofali, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, na nikaenda mbio kwa daktari.

Hakuhitaji kuniuliza nataka nini. Alisema jarida moja si ruhusa, na kwamba hatafanya jambo hilo kwa kichwa chake peke yake. Alipiga simu kwa mwalimu wake Dar es Salaam. Wakati ule simu iliombwa posta na kungojewa. Tulikaa tangu saa nne hadi saa saba. Mwalimu alimsikiliza, akauliza maswali mengi, kisha akasema kwamba ile dawa hasa ya kwenye jarida haipatikani, lakini iko nyingine, ndugu yake wa karibu, ambayo hospitali huwa nayo kidogo kwa ajili ya maradhi mengine. Akasema mama aelezwe kila kitu, hata yale yasiyojulikana, na akikataa aachwe.

Daktari alivuta kiti akakaa kando ya kitanda. Mjomba alisimama upande wa pili. Daktari alieleza polepole, bila kuficha kwamba jambo ni geni.

"Hiyo dawa ni yangu au ni yake?" mkaza mjomba akauliza.

"Ni yake. Lakini njia ni wewe."

"Itamdhuru?"

"Sijui yote," daktari akasema. "Wenzetu waliowapa wanawake wao hawajaona madhara makubwa. Lakini watoto hao bado ni wadogo. Watakavyokuwa watu wazima, hakuna anayejua."

Mjomba akaanza kusema kwamba daktari afanye aonavyo. Mkewe alimwinulia mkono anyamaze, akanigeukia mimi.

"Wewe ungekuwa mimi?"

Nilitaka kumwambia habari za yule mtoto wa Kiwangwa. Neno lilikuwa mdomoni. Nikakumbuka kwamba nililiandika kwa penseli.

"Ningekubali," nikasema. "Lakini ningeogopa."

"Basi tuogope wote," akasema, akanyoosha mkono wake.

Alichomwa sindano siku ile na akachomwa tena kesho yake. Jarida lilisema dawa inahitaji siku moja au mbili kufanya kazi, kwa hiyo sasa ilikuwa ni kusubiri, na kuomba uchungu usishindwe kungoja. Mkaza mjomba alilala chali na tasbihi mkononi. Maumivu yalikuja, yakapungua, yakarudi. Kila nilipopita karibu na kitanda chake nilijikuta nikilitazama tumbo lile na kutamani kuona kinachotokea. Niliwaza ile dawa imefika wapi, imeingia kwa mlango gani, inamwambia nini mtoto, na kwa lugha gani. Bibi alikuja kumwona siku ya pili. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba tunajaribu kumwonya mtoto. Alitikisa kichwa kukubali, akasema basi tumwache asikilize, nisimsumbue mama yake kwa kupitapita.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, chupa ilipasuka, na saa moja baadaye akazaa. Alikuwa wa kiume tena, na mdogo kuliko kaka yake. Alilia. Nikamfuta, nikamfunika, nikamwinamia, na nikasikia mguno.

Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwapo. Sikuthubutu kugeuka, maana nilijua mama yake amesikia; katika wodi nzima hakuna aliyeijua sauti ile kama yeye. Daktari alikuja akasimama pembeni yangu. Mtoto akaguna tena. Tukamwekea oksijeni, tukasubiri. Kifua chake kilibonyea kidogo tu, si kama cha yule wa kwanza. Saa ya kwanza aliguna mara kwa mara. Ya pili, niligundua kwamba nimehesabu pumzi kumi na moja bila kusikia kitu. Alasiri miguno ilikuwa ya hapa na pale, kama mtu anayekumbuka jambo kisha analisahau. Kabla ya magharibi sikuisikia tena.

"Ameacha?" mkaza mjomba akauliza kutoka kitandani. Alikuwa na hofu ya neno lile lile analoliuliza, maana yule wa kwanza aliponyamaza alikuwa amekufa.

Nikamwambia ameacha, na anapumua, aje amwone. Tulimsogezea kitanda. Alikitazama kifua cha mtoto kwa muda, kikipanda na kushuka, akajifunika uso kwa kanga.

Mtoto yule aliishi. Katika daftari sikuandika kwamba dawa ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu mtoto mmoja hathibitishi kitu, na pengine angepumua hata bila sindano. Lakini mjini habari zilienda kwa njia yake. Wanawake wakaanza kuja kuniomba sindano ya mapafu, hata wenye mimba ya miezi tisa kamili, na mmoja aliitaka kwa ajili ya mume wake anayekohoa. Ilinichukua muda mrefu kuwaeleza kwamba dawa ni chache, ni ya hali maalumu, na kwamba sisi wenyewe bado tunajifunza. Baadhi walinuna, wakasema nimewawekea ndugu zangu.

Daktari alihamishiwa Mwanza. Tuliandikiana barua mara mbili tatu kwa mwaka, zaidi juu ya watoto. Mwishoni mwa miaka ile ya sabini, bibi akiwa ameshafariki, nilipata barua ya daktari ndefu kuliko zote. Alikuwa amesoma kwamba dawa za steroidi hazilingani zinapofika kwenye kondo la nyuma. Ile aliyochomwa mkaza mjomba hupita ikamfikia mtoto. Ile aliyopewa mwanamke wa Kiwangwa kwa pumu yake huvunjwavunjwa pale pale kwenye kondo, na sehemu ndogo sana tu ndiyo humfikia. Kwa hiyo, aliandika, yule mtoto wa kike hakupata dawa yetu, au alipata kiasi kisicho na maana. Nifute penseli yangu.

Niliona aibu kwanza, maana kwa miaka yote nilikuwa nimemhesabu mtoto yule moyoni kama ushahidi wangu. Kisha nikapata raha ya ajabu. Tulikuwa tumefika mahali pa kweli tukiongozwa na kosa. Lakini kama si dawa, yule mtoto alipumuaje? Likizo yangu ilipofika nilipanda lori nikaenda Kiwangwa kuuliza.

Nilimkuta mwanamke nje ya nyumba yake akimenya mihogo. Alinitambua kabla sijajitaja, akaniletea kigoda. Binti yake alikuwa anakaribia miaka sita, mwembamba, mwenye sauti kubwa, akiwaamuru kuku. Nilimwomba mama anisimulie wiki zote kabla ya kuja hospitali. Akasema pumu ilimwanza mimba ikiwa na miezi minne, haikumwacha, na kwa wiki tatu za mwisho alilala amekaa na jembe hakulishika. Nikamwuliza kama mtoto alikuwa akicheza tumboni. Akasema alicheza sana, hasa wakati yeye amebanwa. Nikaandika haraka, nikimfikiria bibi na kusikitika kwamba sina wa kumpelekea.

Kisha nikauliza, kwa kukamilisha tu, kama ana hakika kwamba mimba ilikuwa na miezi saba.

Akasema ana hakika, iliingia walipokuwa wakimaliza kuokota korosho. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekaa mlangoni na sikujua kama anasikia, akasema si kweli, iliingia korosho zikiwa bado zinaanguka kwa wingi, mtoto alikuwa wa miezi minane na zaidi, alisema hivyo tangu siku ile na hakuna aliyemsikiliza. Mkwe wake akamjibu kwa heshima, "Mama, mwenye mimba nilikuwa mimi." "Na mwenye macho nilikuwa mimi," mzee akamjibu.

Nikaandika hesabu zote mbili, moja kando ya nyingine, nikaacha nafasi chini. Walinipa nanasi na mihogo ya kupeleka nyumbani. Lori lilipopiga honi barabarani walikuwa bado hawajakubaliana.